Makaa Yasiyofika Rufiji: Kisa cha Somali na Rubens

Manowari ya Kijerumani Königsberg ilipotia nanga Dar es Salaam mwezi Juni 1914, watu wa mji hawakusubiri kufundishwa jina lake. Waliitazama, wakahesabu, wakaiita manowari na bomba tatu. Mabomba matatu ya moshi yalisimama katikati ya chombo, na ilipowasha moto moshi mweusi ulipanda juu kuliko minazi. Jina hilo limebaki katika masimulizi ya vita ile mpaka leo.

Nalipenda jina hilo kwa sababu liligusa penyewe. Bomba ni njia ya moshi, moshi hutoka kwenye tanuri, na tanuri hula makaa ya mawe. Wengi wanaosimulia habari za Königsberg huanza na mizinga yake, au na namna ilivyoizamisha manowari ya Kiingereza Unguja. Lakini swali gumu ni lingine: ilikuwaje manowari iliyoweza kuziacha nyuma manowari zote tatu za Waingereza zilizokuwa zikiinyatia pwani hii, ikaishia kujificha matopeni Rufiji kwa miezi kumi na isitoke tena? Jibu halimo ndani ya Königsberg yenyewe. Limo ndani ya meli mbili za mizigo ambazo leo karibu hakuna anayezitaja. Ya kwanza ni Somali, iliyoungua ndani ya delta. Ya pili ni Rubens, iliyosafiri kutoka Ujerumani kwa jina la uongo, ikazama ghuba ya Manza kaskazini ya Tanga. Hizi ndizo zilizokuwa tumbo la manowari ile, na zilipokwisha, nayo ilikwisha.

Tuanze na tumbo lenyewe. Königsberg ilikuwa na uzito wa tani 3,400 hivi, mizinga mikuu kumi ya milimita 105 na watu zaidi ya 300. Ikijaza maghala yake yote ilibeba makaa tani 850 kwa makadirio. Ni mengi, ukiyaona yamerundikwa gatini. Baharini ni mambo mengine, kwa maana ulaji wa makaa haupandi sambamba na mwendo. Chombo kikitaka kwenda kasi mara mbili, injini zake hudaiwa nguvu karibu mara nane. Kwa safari ya umbali uleule, hiyo ni kusema makaa karibu mara nne. Kwa hiyo ile kasi iliyokuwa ngao ya Königsberg ndiyo pia iliyokuwa ikiimaliza. Kila ilipokimbia ili isikamatwe, iliyachoma makaa ya siku kadhaa kwa saa chache.

Na makaa si mafuta ya kupitisha kwenye mpira. Kupakia makaa ilikuwa kazi iliyochukiwa na kila baharia wa zama zile. Watu walishuka kwenye ngama ya meli ya makaa wakiwa na sepetu, wakajaza magunia, magunia yakapandishwa kwa winchi, yakavutwa juu ya sitaha ya manowari, kisha yakamwagwa kwenye matundu yanayoingia ghalani. Chini ghalani walikuwamo wengine, ndani ya joto na giza, wakiyasambaza makaa kwa mikono ili yasirundikane upande mmoja chombo kikalala. Vumbi liliingia machoni, puani, kwenye chakula. Tani mia kadhaa zilichukua siku nzima au zaidi, na muda wote huo meli mbili zimefungwa ubavu kwa ubavu, haziwezi kupigana wala kukimbia. Mawimbi yakiwa makubwa, zinagongana. Ndiyo maana manowari ilihitaji mahali pa maji matulivu palipositirika, si meli ya makaa peke yake.

Waingereza hawakuwa na shida hiyo. Walikuwa na Mombasa, Aden, Bombay, Colombo, Cape, na Unguja chini ya himaya yao. Wajerumani, Wadachi kama walivyoitwa siku hizo, katika bahari yote hii walikuwa na pwani moja tu, kutoka Tanga hadi Mikindani. Bandari za nchi zisizo vitani zisingewafaa sana. Kwa mkataba wa The Hague wa mwaka 1907, manowari iliyoingia bandari kama hiyo haikutakiwa kukaa zaidi ya saa 24 kwa kawaida, na makaa iliyopewa ni ya kuifikisha tu bandari ya karibu ya nchi yake. Zaidi ya hapo, Waingereza walitumia pesa pale ambapo mizinga isingeruhusiwa: walinunua makaa yaliyokuwapo katika bandari za Wareno kusini, yasije yakauzwa kwa adui. Vita haijachacha, na tayari manowari na bomba tatu ilikuwa inanyimwa chakula.

Nahodha wake, Max Looff, aliliona hilo mapema. Tarehe 31 Julai 1914, vita ikinukia, aliitoa Königsberg Dar es Salaam asije akafungiwa bandarini. Manowari tatu za Waingereza, Hyacinth, Astraea na Pegasus, zilikuwa nje zikimsubiri. Mvua ya ghafla iliyofunga macho na kasi ya injini vilimwokoa. Lakini usiku ule wa kukimbia ulilipwa kwa makaa, na nyuma yake mlango ukafungwa. Tarehe 8 Agosti Astraea iliupiga Dar es Salaam mizinga, na Wajerumani wenyewe wakakizamisha chelezo chao mlangoni mwa bandari ili Waingereza wasiingie. Kwa kitendo hicho walimfungia nje hata Looff.

Siku mbili kabla ya hapo, upande wa Oman, Königsberg ilikuwa imekamata meli ya Kiingereza iitwayo City of Winchester, iliyokuwa na shehena ya chai miongoni mwa bidhaa nyingine. Ilikuwa meli ya kwanza ya biashara ya Uingereza kupotea mikononi mwa Wajerumani katika vita ile, na magazeti ya London yalipiga kelele. Looff hakuhitaji chai. Aliipeleka kwenye visiwa vya Khuriya Muriya, akahamisha makaa yake, karibu tani 400, kisha akaizamisha. Hayo nayo yalikuwa makaa duni ya India. Makaa mazuri ya Wales huwaka kwa moto mkali na moshi mdogo. Makaa duni huacha majivu mengi, hukwamisha matanuri, na moshi wake mweusi huonekana toka mbali sana. Kwa chombo kinachojificha, makaa mabaya ni kama kupiga ngoma usiku.

Hapo ndipo Somali inapoingia. Ilikuwa meli ya kampuni ya Deutsche Ost-Afrika Linie, kampuni iliyokuwa ikibeba abiria, barua, katani na mpira ghafi katika pwani hii miaka mingi. Haikuundwa kwa vita. Mwanzoni mwa Agosti ilitoroka Dar es Salaam ikiwa imepakia makaa, na kwa wiki mbili hivi vyombo viwili hivi vilitafutana baharini, kila kimoja kikiogopa kuita sana kwa redio kisije kikasikiwa na asiyetakiwa. Walipokutana upande wa Ras Hafun, pembe ya Somalia, Königsberg ilikuwa inakaribia kukwangua sakafu za maghala yake. Ingekosa siku chache zaidi, hadithi yote hii ingeishia pale, manowari ikielea bila moto.

Naomba msomaji atue hapa kidogo. Katika vitabu, mkutano ule hupewa mstari mmoja. Lakini tangu siku ile manowari ilikuwa imefungwa kamba isiyoonekana kwenye meli ya mizigo. Isingeweza kwenda popote ambapo Somali haikuweza kuifuata. Walijaribu kupakia makaa kwenye kisiwa cha Aldabra, wimbi likawakatalia. Walikwenda hadi Madagaska kutafuta meli za Kifaransa, wakakuta bandari tupu. Kila safari ilipunguza makaa, na kila hesabu ya makaa ilimrudisha Looff kwenye swali lile lile: wapi pana maji matulivu, pamesitirika, na Waingereza hawapajui?

Delta ya Rufiji ilikuwa jibu. Waingereza waliamini mikondo yake haina kina cha kupitisha manowari, kwa kuwa ramani zao zilikuwa za zamani. Wajerumani walikuwa na meli ya upimaji, Möwe, ambayo kabla ya vita ilikuwa imeyapima maji yale ikagundua kwamba wakati wa bamvua, maji yakijaa, chombo kikubwa kinaweza kupita. Möwe yenyewe ilizamishwa na wenyewe Dar es Salaam mwezi Agosti, lakini kazi yake ilikuwa imekwisha kuingia kwenye ramani ya Looff. Mwanzoni mwa Septemba Königsberg na Somali ziliingia ndani ya mikoko.

Wenyeji wa pwani wanaujua mkoko wa Rufiji. Boriti zake zimeezeka nyumba za Lamu, Unguja, na ng'ambo hadi Oman na Ghuba, zikisafirishwa kwa majahazi kwa karne nyingi. Mikoko ile ile mirefu na minene iliificha milingoti ya meli mbili za chuma. Makaa na vyakula vililetwa kwa matishali yaliyopita kwenye vijito vya ndani, na pale Salale palifanywa kituo.

Kutoka hapo, usiku wa kuamkia tarehe 20 Septemba, Königsberg ilichomoka kwenda Unguja, ikaikuta Pegasus imetia nanga ikitengeneza matanuri yake, na alfajiri ikaipiga mpaka ikawa haifai tena. Mabaharia 38 wa Kiingereza walikufa, na wengine 55 wakajeruhiwa. Makaburi yao yapo kwenye kisiwa kidogo cha Chapwani, mbele ya Mji Mkongwe. Siku hiyo ndiyo inayosimuliwa zaidi. Lakini katika safari hiyo hiyo kifaa cha injini ya Königsberg kilivunjika. Ilibidi irudi Rufiji, na vyuma vikabebwa na watu nchi kavu hadi kwenye karakana za Dar es Salaam, vikatengenezwa, vikarudishwa vile vile.

Huenda mtu akauliza: kama vyuma vilibebwa kwa miguu, mbona makaa yasibebwe? Fanya hesabu. Mpagazi mmoja hubeba kilo 25 hivi kwa safari ndefu. Tani moja ni wapagazi 40. Tani 850 ni mizigo 34,000, kila mmoja kwa zaidi ya kilomita 100 za mchanga, mito na matope, na kila mbebaji naye anakula. Injini iliyovunjika unaweza kuibeba kichwani. Chakula cha injini huwezi. Lazima kije kwa maji, na maji yalikuwa yanalindwa.

Ajabu ni kwamba makaa hayo hayo ndiyo yaliyotoa siri. Tarehe 19 Oktoba manowari ya Kiingereza Chatham iliingia Lindi na kuikuta meli ya Kijerumani Präsident. Waliopanda kuikagua walikuta karatasi zinazoonyesha kwamba mwezi uliotangulia ilikuwa imeipelekea Königsberg makaa. Si jasusi, si ndege, ni karatasi za mizigo. Waingereza walikuwa wameisaka bahari nzima; sasa walijua wachungulie delta. Tarehe 30 Oktoba waliiona milingoti nyuma ya mikoko, ya Königsberg na ya Somali.

Mwanzoni mwa Novemba manowari za Waingereza zilianza kupiga mizinga kutoka nje. Zenyewe hazikuthubutu kuingia kwa sababu ya kina. Königsberg ilisogea juu zaidi ya mto, mizinga isikoweza kufika. Somali ilipatikana. Tarehe 7 Novemba ilipigwa, ikashika moto, ikaungua. Siku tatu baadaye Waingereza walileta meli ya makaa ya zamani, Newbridge, wakaizamisha kwa makusudi kwenye mkondo wa Suninga ili kuziba njia. Delta ina midomo mingi, kwa hiyo kuziba mmoja hakukumaliza kazi. Mimi naona kuungua kwa Somali kulikuwa pigo kubwa kuliko kuzibwa kwa Suninga, ingawa taarifa za wakati ule zilimsifu zaidi aliyeiingiza Newbridge chini ya risasi. Mlango mwingine ungepatikana, maji yakijaa, usiku wa giza. Lakini manowari iliyotoka bila meli ya makaa ingekwenda wapi? Baada ya tarehe 7 Novemba, Königsberg iliweza kuogelea lakini haikuweza kusafiri.

Berlin waliamua kutuma meli nyingine ya makaa. Kisa cha Rubens ni cha aina yake, na ndicho kinachochanganya watu zaidi, kwa sababu kila upande ulidai umeshinda.

Rubens ilikuwa meli ya mizigo ya Kiingereza ya tani zaidi ya 3,500, ikiwa na jina la mchoraji wa Antwerp. Vita ilipoanza ilikuwa Hamburg, Wajerumani wakaizuia. Kwa hiyo chombo kilichokuja kuiokoa Königsberg kilijengwa na adui. Waliipaka rangi upya na kuiita Kronborg, wakaifanya ionekane ya Denmark, nchi isiyokuwamo vitani. Nahodha Carl Christiansen alichagua mabaharia wanaozungumza Kidenmark, ili wakisimamishwa baharini wasijisaliti kwa ulimi. Chini kabisa waliweka makaa ya Königsberg, zaidi ya tani elfu moja. Pamoja nayo ziliwekwa bunduki, mamilioni ya risasi, mabomu ya mizinga, nguo na vifaa vingine vya jeshi la nchi kavu. Juu ya vyote, hadi sitahani, walipanga mbao. Mtu akiichungulia anaona meli ya mbao ya Kidenmark inajiendea zake.

Iliondoka Ujerumani Februari 1915. Ilizunguka kaskazini ya Uingereza, ikateremka Atlantiki yote, ikazunguka Rasi ya Tumaini Jema, ikapanda Bahari ya Hindi. Safari ya karibu miezi miwili bila kuingia bandari hata moja, na bila kukamatwa. Mwanzoni mwa Aprili ilikuwa upande wa Aldabra, ikiwasiliana na Königsberg kwa redio. Na hapo ndipo siri ilipovuja mara ya pili. Kwenye redio, anayekuita hawezi kuchagua nani asikie. Waingereza walizinasa habari zile na wakawa na uwezo wa kuzielewa. Amiri wao, King-Hall, akaipeleka Hyacinth ikae kaskazini.

Looff kwa upande wake alikuwa amefanya uamuzi uliomuuma. Kuleta meli ya makaa Rufiji, mbele ya midomo ya mizinga ya Waingereza, ilikuwa kuipeleka kuzama. Aliielekeza Tanga. Ukitazama ramani utaona uzito wa uamuzi huo: kutoka Tanga hadi delta ni zaidi ya kilomita 300. Makaa yakishuka Tanga hayawezi kufika Rufiji. Kwa maneno mengine, Looff aliikatia tamaa meli yake ili jeshi la nchi kavu lipate risasi. Sijaona sehemu katika habari zake inayonifanya nimheshimu kama hii.

Alfajiri ya tarehe 14 Aprili 1915 Hyacinth iliiona Kronborg na kuanza kuifukuza. Meli ya mizigo haina mbio za kumshinda kruza, manowari ya mbio kama Hyacinth, hata kruza ya zamani. Lakini katikati ya mbio injini moja ya Hyacinth iliharibika, na mwanya huo ukatosha. Christiansen aliingia ghuba ya Manza. Alijua hatoki tena. Alifungua valvu za chini, maji yakaingia, meli ikakaa kwenye kina kifupi, sitaha ikiwa juu ya maji. Kisha wakazitia moto zile mbao.

Hebu fikiria walichokiona Waingereza kutoka mlangoni mwa ghuba. Meli imelala, miali inapanda, moshi umetanda, na mizinga yao inaendelea kuichana. Ni nani angesema haijaisha? Waliamini kazi imekwisha wakaondoka. Lakini moto ulikuwa juu, kwenye mbao. Chini, kwenye ngama, bunduki na masanduku ya risasi yalikuwa ndani ya maji, na maji ndiyo yaliyoyalinda yasilipuke. Maji yale yaliyoizamisha meli ndiyo yaliyoiokoa shehena.

Adui alipotokomea, kazi ilianza. Wapiga mbizi walishuka ndani ya mabaki, wakapapasa gizani, wakafunga masanduku kamba, yakavutwa juu. Wapagazi waliyabeba kuyapeleka bara. Bunduki zilihitaji kusafishwa na kupakwa mafuta. Risasi zilihitaji zaidi. Maji ya chumvi yalikuwa yamepenya, na risasi iliyolowa haiaminiki: askari anavuta, kunasikika tiki, kisha kimya. Kwa hiyo zilifunguliwa moja moja. Kichwa cha risasi kikachomolewa, baruti ikamwagwa na kukaushwa, ganda likasafishwa, baruti ikarudishwa, kichwa kikabanwa tena mahali pake. Kisha nyingine. Kisha nyingine. Fundi wa saa angeielewa kazi ile, ila fundi wa saa hana mamilioni ya saa mezani. Zilijaribiwa kwa mafungu. Zilizokuwa zikigoma sana ziliwekwa kwa mazoezi ya shabaha, zilizokuwa nzuri zikaenda vitani.

Sasa uamuzi: je, Rubens ilifanikiwa au ilishindwa? Waingereza waliandika kwamba wameangamiza meli ya adui. Ni kweli, meli iliangamia. Kwa jeshi la Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani wa nchi kavu, lililokuwa likiishiwa risasi tangu mapigano ya Tanga ya Novemba 1914, ilikuwa mvua baada ya kiangazi. Kwa Königsberg ilikuwa hukumu, kwa sababu kitu pekee ambacho manowari ile ilikisubiri, makaa, ndicho kilichobaki Manza. Shehena moja, majibu matatu. Mtu akikuambia Rubens ilishindwa au ilishinda, muulize anazungumza kwa niaba ya nani.

Lipo jibu la nne pia, na silioni likitajwa vya kutosha. Risasi zilizokaushwa zilisaidia kuirefusha vita. Lettow-Vorbeck alipigana hadi Novemba 1918, akasalimu amri Abercorn, Mbala ya leo nchini Zambia. Katika miaka hiyo makumi ya maelfu ya wapagazi wa pande zote mbili walikufa kwa njaa, kuhara na uchovu, na vijiji vilivyopitiwa na majeshi viliporwa nafaka hadi mbegu. Nahodha wa Rubens tunalijua jina lake. Wapiga mbizi wa Manza, na wale waliobeba masanduku yaliyokuwa yakitiririsha maji ya chumvi migongoni mwao, majina yao hayakuandikwa. Jambo hilo linaniuma kila nikisoma habari hizi.

Rufiji, baada ya Aprili, palikuwa mahali pa kusubiri kisichokuja. Malaria iliwaangusha mabaharia. Wengi walikuwa wameshatolewa melini kwenda kupigana nchi kavu. Waliobaki walitosha kuwasha moto na kupiga mizinga, basi. Waingereza walikuwa wameshakitwaa kisiwa cha Mafia mwezi Januari, na hapo wakatengeneza uwanja wa ndege. Kisha wakaleta Severn na Mersey, vyombo vya mto vilivyoundwa kwa ajili ya Brazil kabla ya vita, vyenye tumbo bapa lisilohitaji kina cha hata mita mbili. Kile ambacho Königsberg ilikitegemea, kwamba adui hawezi kuingia, kikatoweka. Tarehe 6 Julai viliingia vikarudishwa. Tarehe 11 Julai 1915 vilirudi, ndege ikiwaonyesha wapigaji mizinga wapi mabomu yanaangukia. Manowari isiyo na pa kukimbilia ni ngome tu, tena ngome isiyo na ukuta. Ilipigwa mpaka ikashindwa kujibu, na Looff, akiwa amejeruhiwa, akaamuru ilipuliwe palepale.

Maji yalikuwa mafupi, kwa hiyo mizinga yote kumi iliopolewa. Ilivutwa na mamia ya watu kwa kamba hadi Dar es Salaam, ikafungiwa magurudumu kwenye karakana, ikaenda kupigana porini. Mmoja ulipelekwa kwa reli hadi Kigoma ukafungwa juu ya Graf von Goetzen, meli ya Ziwa Tanganyika ambayo wasafiri wa Kigoma, Bujumbura na Mpulungu wanaijua kwa jina la Liemba. Mwingine uko Pretoria. Mwingine uko Fort Jesus, Mombasa, pamoja na mzinga wa Pegasus, wahasimu wawili wa asubuhi ya Unguja sasa majirani.

Wajerumani walituma meli nyingine moja ya ugavi. Marie ilipenya ikaingia Sudi, kusini ya Lindi, Machi 1916, ikashusha mizinga na risasi, ikapigwa, ikazibwa matundu, ikatoroka hadi Batavia. Yenyewe ilifika salama na kuondoka salama, jambo ambalo Somali na Rubens hazikulipata. Lakini pale ufukweni Sudi hapakuwa tena na manowari ya kuisubiri. Waliokuwa wakiisubiri ni wapagazi.